Malaika Alianza na Mkate

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii naomba tusome 1 Wafalme 19, aya ya 1 hadi ya 8, na tusome polepole. Sura hii tumezoea kuikimbilia mlimani Horebu, kwenye upepo, tetemeko, moto, na ile sauti ndogo ya utulivu. Kabla ya Horebu kuna aya nane ambazo huwa tunazipita kama basi linavyopita kijiji kisicho na kituo. Nimekaa nazo siku kumi sasa.

Eliya ametoka Karmeli. Moto umeshuka mbele ya macho yake, mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka. Kisha unamfikia ujumbe mmoja tu wa malkia Yezebeli, wa kumtishia kifo, naye anakimbia kuiokoa nafsi yake hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. "Yatosha," anasema. Nabii yule yule aliyesimama peke yake mbele ya mamia ya manabii wa Baali.

Nimelileta neno hili kwa sababu ya mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Ndanda. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina. Msimu huu wa korosho wezi walivunja dirisha lake usiku, wakabeba magunia matatu aliyokuwa akisubiri kuyapeleka chama cha msingi. Yeye hakuguswa. Lakini tangu usiku ule mbwa akibweka tu, moyo unamwenda mbio, mate yanakauka, viganja vinalowa jasho la baridi, tumbo linavurugika. Hapati usingizi. Ugali anausukuma pembeni. Alipoomba kuombewa, mtu mmoja, kwa nia njema nadhani, akamwambia kwamba mwenye Yesu haogopi, basi aitafute imani yake ilikopotelea. Tangu hapo akaacha kuja kwenye sala. Alikuwa na hofu; sasa ana hofu na aibu juu yake.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31. Kuna mambo niliyajua darasani na wodini ambayo sikuwahi kuyaweka mbele za Mungu na kuyatazama vizuri, na hili ni mojawapo.

Nani kati yetu hajawahi kuinama chini ya mkorosho, mkono umeshafika kwenye majani makavu, akamwona swila amejikunja pale? Kabla hujasema "Mama wee!" umesharuka nyuma. Hukupanga. Katika nusu pumzi ile, ubongo umetuma habari kushuka uti wa mgongo, habari ikatokea sehemu ya kifua na juu ya kiuno, ikaingia kwenye minyororo miwili ya mafundo ya neva iliyolala kando ya uti wa mgongo, kulia na kushoto, fundo baada ya fundo kama punje za rozari. Kutoka hapo imesambaa mwili mzima. Mboni za macho zimepanuka ili uone zaidi. Njia za hewa kifuani zimefunguka. Moyo unapiga kwa kasi na kwa nguvu, ini linamwaga sukari kwenye damu, damu inaondolewa tumboni na kupelekwa kwenye misuli ya miguu. Mate yamekauka, kwa sababu huu si wakati wa kula. Vinyweleo vimesimama. Na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimetia adrenalini kwenye damu, ndiyo maana hata swila akishaondoka, magoti yanaendelea kutetemeka kwa muda.

Wataalamu wanauita upande huu simpathetiki. Ni sehemu ya mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe, bila kungoja tuamue. Mwingereza John Newport Langley ndiye aliyeupa mfumo huo mzima mwaka 1898 jina linalotumika hadi leo, otonomiki, lenye maana ya kujitawala. Mimi nikilisikia jina hilo nakumbuka Matendo 17:28, kwamba ndani yake yeye tunaishi, tunakwenda, na kuwa na uhai wetu.

Sasa mtazameni tena yule mama. Swila wake alikuja usiku, akaondoka na magunia, lakini mwili haujapata habari kwamba ameondoka. Kila mbwa akibweka, mnyororo ule unaamshwa upya. Hilo si dhambi, wala si pepo, na wala halitokani na uhaba wa imani. Ni mlinzi mwaminifu ambaye hajaambiwa kuwa kumekucha.

Na tusisahau Gethsemani. Luka anasema Bwana wetu alikuwa katika dhiki, akazidi sana kuomba, na hari yake ikawa kama matone ya damu yakidondoka nchini. Tunasali tendo hilo la rozari kila Ijumaa, midomo imezoea, na sijui ni mara ngapi tumesimama kufikiri kwamba jasho hutolewa kwa amri ya neva. Jasho la hofu halitoki mpaka neva hizi hizi ziwe zimelichochea. Neno alipofanyika mwili, alizichukua na hizi. Sioni mtu wa kumsogelea Yesu pale chini ya mizeituni, akiwa amelowa, amwambie kwamba imani yake ni haba.

Lakini kilichonishika zaidi siku hizi kumi ni upande wa pili, ule unaoitwa parasimpathetiki. Huu hautokei katikati ya mgongo. Unatokea kwenye shina la ubongo, juu kabisa, na chini kabisa, karibu na mkia wa uti wa mgongo. Mboni zikishapanuka, huu unazirudisha. Mate unayafungulia: nani asiyejua jinsi mdomo unavyojaa maji ukisikia tu harufu ya ming'oko ikichemka jikoni? Tumbo linarudishiwa kazi yake, kibofu kadhalika. Na neva yake kubwa kuliko zote ni ile ya kumi kati ya zinazotoka kichwani, inayoitwa vagasi, neno la Kilatini lenye maana ya mzururaji, kwa jinsi inavyotembea: shingoni, kifuani, kwenye moyo, mapafu, tumbo, mpaka kwenye utumbo.

Hili nililifundishwa kijana, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau. Moyo wa mwanadamu, ukikatiwa neva zote na kuachwa peke yake, hupiga kama mara 100 kwa dakika. Waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine hulionyesha hilo: neva zimekatwa wakati wa upasuaji, na moyo ule mpya hubaki na mwendo wa haraka hata mgonjwa akiwa amelala kimya. Mimi na wewe tukiwa tumepumzika, mioyo yetu hupiga mara 60, 70, au 80. Kwa nini? Kwa sababu vagasi inaushika. Usiku kucha, pigo baada ya pigo, inauambia: polepole.

Nilikuwa nadhani utulivu ni kile kinachobaki hofu ikishaondoka, kama uwanja unavyobaki mtupu mnada ukiisha. Kumbe kuna mkono unaofanya kazi. Utulivu wetu unatolewa, na unatolewa sasa hivi, wakati unasoma maneno haya. Zaburi ya 121 inasema yeye aliye mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi. Nimeisali tangu utotoni nikimwaza Mungu amesimama mlangoni. Sasa namwaza pia kifuani.

Namna jambo hili lilivyojulikana inafaa kusimuliwa. Otto Loewi, mwanasayansi Myahudi aliyekuwa akifanya kazi Graz, nchini Austria, alitaka kujua neva inauambiaje moyo upunguze mwendo. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja wa kipindi cha Pasaka aliota jaribio la kufanya, akaamka, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akalala. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii hakungoja, aliondoka usiku ule ule kwenda maabara. Akachukua mioyo miwili ya vyura, akaichochea vagasi ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, kisha maji yaliyokuwa ndani yake akayapeleka kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa haukuchochewa kwa neva yoyote. Kumbe neva ilikuwa imemwaga kitu. Alitangaza matokeo mwaka 1921, na baadaye kitu hicho kikajulikana kuwa asetilikolini. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi hubaki kwenye ile picha ya moyo mmoja uliotulizwa unaoutuliza mwingine kwa maji tu. Huwa naifikiria nikikaa na mgonjwa.

Turudi kwa Eliya. Ameomba kufa, kisha akalala usingizi chini ya mretemu. Mungu angeweza kumhoji pale pale, na kweli swali linakuja baadaye, huko Horebu: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Lakini chini ya mretemu hakuna swali. Malaika anamgusa na kusema: Inuka, ule. Kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, na Maandiko yanasema analala tena. Malaika hamlaumu. Anamwacha alale, kisha anarudi mara ya pili na chakula, na kusema safari hii ni kubwa mno kwako. Kuguswa, mkate, maji, usingizi, mkate tena. Mungu aliuhudumia kwanza upande ule wa mwili unaotuliza, ndipo akazungumza na nabii.

Sisi jumuiya huwa tunaanza na swali.

Kuna jambo unaweza kulijaribu ukiwa umekaa. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, upate mapigo. Usitumie gumba lenyewe, lina mapigo yake yatakuchanganya. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe kwa kirefu zaidi. Wengi wetu tutasikia mapigo yakiharakisha kidogo hewa ikiingia na kupungua mwendo ikitoka. Hapo unapoyasikia yakipungua, vagasi imeongeza mkono wake. Lugha yetu ilishalijua hilo: mtu akipona hatari tunasema ameshusha pumzi.

Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi walichapisha vipimo vya watu 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini. Salamu Maria, nusu ya kiongozi na nusu ya waitikiaji, iliwashusha mpaka pumzi kama 6 kwa dakika, na mwendo wa moyo na shinikizo la damu vikafuata mdundo huo. Sisemi rozari ni dawa, na mtu asiniletee habari ya kuisali kama kidonge. Tunasali kwa sababu tunampenda Bwana na Mama yake. Ila siwezi kunyamaza nikiona kwamba wazee wetu, walipotufundisha kuitikia bila haraka, walitufundisha pia kupumua.

Na mtu ambaye moyo wake unakwenda mbio kwa siku nyingi aende hospitali. Upungufu wa damu hufanya hivyo, tezi ya shingo ikizidisha kazi hufanya hivyo, na magonjwa ya moyo yenyewe yapo. Yule mama nilimsindikiza kupima kabla ya lolote. Siku ile ya kwanza nilipomshika mkono, saa yangu ilihesabu 112, naye ameketi tu kwenye kigoda.

Ijumaa iliyopita jioni tulikwenda kwake, watu saba. Tulitandika mkeka nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, mabibo yameanguka kote na harufu yake imejaa uani. Tulikubaliana njiani kwamba hakuna atakayemuuliza lolote wala kumfundisha. Nilikaa karibu yake, nikamshika mkono kama tunavyosalimiana, vidole vikiwa pale pale kwenye mapigo. Tendo la kwanza: Yesu anatokwa jasho la damu. Akaitikia nasi kwa sauti ndogo. Mbwa wa jirani alibweka, nikasikia mapigo yakiruka, mkono ukakaza. Baba kiongozi hakuharakisha, akaendelea na Salamu Maria iliyofuata kwa mwendo ule ule. Sikutazama saa.

Tulipofika tendo la tatu hakuwa anaitikia tena. Alikuwa amelala, kichwa begani kwangu, mdomo wazi kidogo kama mtoto. Tulimalizia rozari kwa kunong'ona. Dada mmoja alivua kanga yake ya juu akamfunika miguu, tukakaa kimya mpaka giza likaanza kuingia. Alipoamka alitutazama mmoja mmoja, akajifuta mdomo, akamwambia binti yake aliyekuwa mlangoni, "Mwanangu, nina njaa." Binti akaenda kuchochea makaa, akaweka muhogo.