Safari ya pili ya Iten: tulilala bondeni, tukarudi na sare

Mwaka wa kwanza tulikwenda Iten tukala tano kwa moja. Karibu yote ninayoyajua leo kuhusu mpira wa milimani yalitokana na kipigo kile.

Mimi ni kocha wa timu ya mtaa huku Likoni, Mombasa. Vijana wangu wamekulia kando ya feri, bahari iko chini ya miguu yao. Iten, mji wa wakimbiaji magharibi mwa Kenya, iko mita 2,400 juu, ukingoni kabisa mwa Bonde la Kerio. Wenyeji wetu walikuwa timu ya vijana wa pale, watu wakarimu sana, na mwaliko ulikuwa wa mechi moja ya kirafiki Jumamosi.

Kabla ya kuondoka kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema mpira ni mpira, hewa ni hewa, tusitafute visingizio. Mzee mmoja aliyewahi kucheza ligi, ambaye namheshimu mpaka leo, alinishika mkono akaniambia: "Mwalimu, nenda siku tatu kabla. Wakimbize hasa, vifua vifunguke." Nikamsikiliza, na hadi leo ushauri ule unaniuma.

Tulifika Jumatano. Siku ile ya kwanza watoto walikuwa wazima, wanapiga picha kwenye lile lango la mji wa mabingwa. Alhamisi nikawakimbiza kama nilivyoagizwa. Usiku wake hakuna aliyelala. Mtu anasinzia, anashtuka anatafuta pumzi, anakaa kitandani. Ijumaa vichwa vinagonga, chakula hakipandi, na chooni hawabanduki. Jumamosi dakika ya ishirini winga wangu wa kushoto, mtoto anayekimbia ufukweni kama kaa, alikuja kwenye mstari mkono kifuani. "Kocha, hewa imeisha." Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeifunga.

Hewa haikuwa imeisha. Oksijeni ya Iten ni asilimia 21, sawasawa na ya Likoni. Kinachopungua ni msukumo wa hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakupa kama robo tatu tu ya oksijeni uliyozoea. Kutembea huoni tofauti. Kukimbia mara moja kwa kasi huoni. Unaiona ya tatu na ya nne, pale mwili unapotaka kulipa deni la mbio ya kwanza na hauna cha kulipia. Mwili hujitengeneza kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, lakini kazi hiyo ni ya wiki kadhaa. Ndiyo maana wakimbiaji wa nje kama Mo Farah wa Uingereza walikuwa wakipiga kambi Iten wiki nyingi. Siku tatu zinakupa mateso ya mwanzo bila faida ya mwisho, na mara nyingi siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Sisi tulilipia nyumba ya wageni siku zote hizo ili tucheze mechi katika hali mbovu kuliko zote.

Mpira nao ulitusaliti. Tulifanya mazoezi na mipira yetu, tuliyoijaza Likoni. Tulipoitoa begini ilikuwa migumu kama nazi. Hewa iliyomo ilifungwa chini baharini. Kule juu nje hakuna wa kuisukuma sawasawa, basi inatanuka, na baridi inarudisha kidogo tu. Wavulana wakazoea mpira unaodunda vile, kisha kwenye mechi wakapewa wa wenyeji, uliojazwa palepale. Hata huo ulikuwa na tabia yake. Hewa nyepesi haiukamati. Pasi ndefu inapita kichwa cha mshambuliaji na kutoka nje, na fundi wetu wa mipira ya adhabu, anayejua kuukunja uzunguke ukuta, aliupiga mara mbili ukaenda moja kwa moja kama umechorwa kwa rula. Kipa wangu alifungwa goli la pili na mpira aliokwisha kuuhesabia kwamba utashuka.

Niliporudi nilisoma kila nilichopata. Mwaka 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500, Bolivia wakapiga kelele, na mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. La Paz, jiji lao la milimani, iko juu ya mita 3,600, na ndiko Argentina ya kocha Maradona, Messi akiwa uwanjani, ilikochapwa sita kwa moja Aprili 2009. Lakini kilichonituliza zaidi ni hesabu ya mtafiti Patrick McSharry iliyotoka mwaka 2007 katika jarida la madaktari la BMJ. Alichukua mechi 1,460 za timu za taifa za Amerika Kusini, akakuta kila mita elfu moja ya tofauti inampa mwenyeji kama nusu goli zaidi. Nikaipigia Iten: kwetu ni goli moja na kidogo. Basi mlima ulitufunga moja. Manne yaliyobaki yalikuwa yetu, na yangu mimi niliyewakimbiza Alhamisi.

Mwaliko ulipokuja tena, nilikuwa nimeshaamua. Wanaoijua kazi hii wanasema nenda mapema sana, wiki mbili au zaidi, au fika dakika za mwisho, ucheze kabla mwili haujaanza kulalamika. Wiki mbili hatuna pesa. Nikabaki na njia ya pili, na hapo ndipo nikaangalia ramani vizuri. Chini ya Iten, mwendo wa gari usiofika saa moja, kuna sakafu ya Bonde la Kerio. Joto. Miembe. Urefu wake ni kama nusu ya Iten. Kwa nini tulale juu?

Tulishuka treni Nairobi, tukalala kwa jamaa zetu, Ijumaa alfajiri tukashika barabara ya Nakuru. Badala ya kupita Eldoret, tulipinda Marigat, tukapanda Kabarnet, tukateremka hadi daraja la Cheploch, pale vijana wanaporuka kwenye korongo la mto Kerio. Dereva alinisema kwa kumpeleka kwenye kona zile zote. Jioni tulikuwa Biretwo. Mama mwenye nyumba ya wageni alituwekea meza chini ya mwembe, akawauliza wavulana wanatoka wapi, wakamjibu pwani. "Basi mko kwenu," akasema. Na kweli walivua masweta. Usiku nilipita mlango kwa mlango nikisikiliza. Walikuwa wanakoroma. Sijui kama nimewahi kufurahia mkoromo wa watu kiasi kile.

Jumamosi tukala mapema, saa nne tukapanda gari, Tambach, kona juu ya kona, Iten. Kupasha misuli nilikata nusu. Maji kila mtu chupa yake hata asipohisi kiu, kwa sababu hewa ile ni kavu na jasho linakauka kabla hujaliona. Mipira yetu niliitoa hewa kidogo kwa sindano, nikaibonyeza kwa kidole gumba ikawa sawa na ya wenyeji. Kocha wao nilishamwomba kwenye simu tubadilishe wachezaji bila kikomo, akakubali bila neno, Mungu ambariki. Mawinga wangu walicheza robo saa robo saa. Hakuna kukaba juu. Mpira ukipotea, wote nyuma ya mstari wa kati. Ukipatikana, pasi fupi, acha mpira ukimbie wewe upumue. Yule winga alipoanza kushika kifua nilikuwa nimeshamwita atoke.

Mchezaji mmoja nilimwacha nyumbani, alilia. Ana seli mundu (sickle cell), na daktari wa zahanati aliniambia wazi kwamba kule juu anaweza kuugua vibaya. Waulizeni watoto wenu kabla ya safari, sisi watu wa pwani hasa.

Walitangulia kufunga, kona. Dakika ya sabini na kitu beki wao alirudisha mpira kizembe, kiungo wetu, aliyekuwa ametoka benchi dakika tano zilizopita na mapafu mapya, akauwahi, akauweka chini pembeni. Moja moja. Dakika kumi za mwisho tulizuia tu, na filimbi ilipolia wavulana walilala chali kwenye nyasi, wanacheka huku wanatafuta pumzi.

Mwezi wa pili wao wanakuja Likoni. Joto letu la Februari nalijua, na najua litawafanyia nini watu waliozoea baridi ya ukingoni. Kocha wao aliniuliza mechi itaanza saa ngapi. Nimempangia saa kumi na nusu, jua likishapungua makali, na nimemwambia aje na wachezaji wengi.