Rundo la mawe kwenye njia ya Levanger

Ninamtunza bibi mmoja hapa Östersund, ana miaka tisini na miwili. Kila theluji ya kwanza ikianguka hunisimulia jambo lilelile: babu yake alikuwa akimfunga farasi kwenye sleji, gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, akapakia siagi na ngozi, akavuka milima kwenda gulioni Levanger. Levanger iko Norwei. Sisi tuko Uswidi. Lakini Bibi hasemi babu alisafiri nchi za nje. Anasema alikwenda sokoni, basi.

Nilimsikiliza miaka miwili kabla sijajiuliza: imekuwaje watu wa mkoa huu wa Jämtland wawe na soko lao katika nchi ya wengine? Tangu hapo mambo ya mipaka yamenishika, na kila siku ya mapumziko niko maktaba.

Kumbe haikuwa nchi ya wengine. Kwa karne nyingi Jämtland ilikuwa chini ya mfalme wa Norwei, na baadaye Norwei yenyewe ikawa chini ya mfalme wa Denmark. Kanisa la Jämtland, hata hivyo, lilikuwa chini ya askofu mkuu wa Uppsala, huku Uswidi, mpaka mwaka 1570. Mkulima wa hapa alikuwa na mfalme magharibi na askofu mashariki, na maisha yakaendelea.

Vita ndivyo vilivyoamua. Mwaka 1645, kwa mkataba wa Brömsebro, Denmark iliyoshindwa iliitoa Jämtland kwa Uswidi, pamoja na Härjedalen na kisiwa cha Gotland. Mwaka 1658 Karl X Gustav wa Uswidi alivusha jeshi lake, farasi kwa watu, juu ya bahari iliyoganda, na Wadenmark wakasalimu amri Roskilde. Wakapoteza Skåne, Blekinge na sehemu nyingine ambazo hadi leo ni Uswidi. Wakapoteza pia Trøndelag, mkoa wa Levanger, ila huo ulirudishwa mwaka 1660. Kwa hiyo kwa miaka kama miwili mababu wa huyo babu yake Bibi waliweza kwenda sokoni na kurudi bila kutoka chini ya mfalme mmoja. Kisha mambo yakageuka tena, wao wakaendelea kwenda vilevile. Hata mji huu ninaoishi, mfalme Gustav III wa Uswidi aliuanzisha mwaka 1786, na moja ya sababu ilikuwa kuivuta biashara ya wakulima wa Jämtland ibaki huku badala ya kwenda Norwei. Bibi nilipomwambia hivyo alitikisa kichwa tu.

Lakini kupeana mikoa mezani ni jambo moja, na kujua mpaka unapita wapi huko milimani ni jambo jingine. Hapa ndipo napenda kukaa. Karibu miaka mia moja baada ya Brömsebro bado sehemu kubwa ya mpaka haikuwa imechorwa. Basi kati ya 1742 na 1745 meja mmoja wa Norwei, Peter Schnitler, alipita mabonde hadi kaskazini kabisa akihoji wakulima na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na kuandika ushahidi wao. Malisho haya ni ya nani? Ziwa hili anavua nani? Mto huu unamwaga maji upande gani? Kodi unampelekea nani? Nikisoma maswali ya namna hiyo napata heshima kubwa kwa wale watu. Wengi hawakuwahi kuona ramani, lakini kila kilima walikijua kwa jina, na kutoka vinywani mwao wakubwa walipata hoja za kubishania.

Mkataba ukatiwa saini Strömstad mwaka 1751. Wapimaji wakaingia milimani, wakajenga marundo ya mawe moja baada ya jingine mpaka mwaka 1766, kwenye mstari wa zaidi ya kilomita 1,600.

Wasami je? Wao walifuata reindia, wale kulungu wa nchi za baridi, na reindia hutafuta malisho upande huu na ule kwa majira. Mkataba uliwekewa nyongeza kwa ajili yao. Kila Msami awe raia wa upande mmoja na alipe kodi upande huo tu, lakini aruhusiwe kuvuka na wanyama wake majira ya kupukutika na majira ya kuchipua, kama ilivyokuwa tangu zamani. Na wafalme wakipigana, avuke vilevile kama wakati wa amani. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Wafalme hao hao waliopigana kwa vizazi!

Uchungu ulikuja baadaye. Mwaka 1809 Urusi iliichukua Ufini kutoka kwa Uswidi, na mpaka na Uswidi ukapitishwa katikati ya mto Torne, penye kina kirefu, ukagawa watu wa lugha moja waliokuwa na mashamba kingo zote mbili. Mwaka 1852 mpaka wa Ufini na Norwei ukafungwa kwa reindia, mwaka 1889 ule wa Ufini na Uswidi. Familia zikalazimika kuhama na kuacha malisho ya mababu.

Septemba iliyopita nilikwenda kuona kwa macho. Nilipita Skalstugan, karibu na mpaka, kwenye barabara iliyofunguliwa mwaka 1835, wakati Norwei na Uswidi zilikuwa na mfalme mmoja. Rundo lenyewe lilinifika kifuani: mawe bapa yamepangwa bila saruji, kuvu ya kijivu imeyashika, na juu rangi ya njano iliyobambuka upande wa upepo. Niliweka kiganja. Lilikuwa baridi na limelowa.

Nilimpelekea Bibi picha. Aliisogeza karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu. Mawe hakuyasema kabisa. Alionyesha kwa kidole nyuma ya rundo, kwenye mteremko unaoshuka Norwei.

"Hapo chini," akasema, "ndipo walipokuwa wakipumzisha farasi."