Kijana wa amali kwenye saiti yangu

Dada yangu wa Kongwa amenikabidhi mwanawe likizo hii ya Juni. Kijana yuko kidato cha pili, mkondo wa amali, yaani wa ufundi, fani ya umeme. "Wewe ndiye mjomba wake, na fundi ni wewe. Akashike waya," akasema, simu akakata kabla sijajibu. Ndivyo alivyo.

Basi niko naye saiti, nyumba ya ghorofa huku Ihumwa, Dodoma. Nadharia anayo, tena kunishinda. Kanuni ya Ohm kaniandikia kwa chaki ukutani, akakokotoa hadi ukubwa wa waya wa jiko. Nikampa kazi ya ngazi: taa moja, swichi mbili, iwashwe chini izimwe juu. Mchoro safi kabisa. Kufunga kwenyewe kukafika adhana ya alasiri, maana hajawahi kumenya waya kwa koleo. Shuleni kwao ubao wa mazoezi ni mmoja, darasa zima linauzunguka. Mmoja kashika bisibisi, wengine macho.

Ndiyo maana mijadala ya wazazi kwenye WhatsApp inanikera. Amali ni ya waliofeli? Jamani, mkondo huu ulianza Januari 2024 kwenye baadhi ya shule, ila shule za ufundi za Ifunda, Moshi na Tanga zimetoa mafundi miaka na miaka, na walioingia huko hawakuwa vilaza. Mkuu wa shule muulizeni hivi: mwanangu atashika kifaa mara ngapi kwa wiki? Waya wa mazoezi nani ananunua? (Ukimenywa unafupika, haurefuki tena.) Mwalimu wa karakana yupo, au wa fizikia kaongezewa vipindi?

Juzi tulikwenda Area C, nyumba ya zamani. Kafungua swichi, kakuta waya mwekundu na mweusi; yeye kazoea kahawia (wa moto) na buluu (nutro, wa kurudishia umeme). "Mjomba, huu mweusi si nutro?" Nikampa testa, nikawasha taa. Mweusi nao una moto! Pale ndio unaopeleka moto kwenye taa. Hakusema kitu, ila tangu siku hiyo hagusi waya kabla ya kupima.

Wa kwanza wa mkondo huu watamaliza kidato cha nne 2027. Ninyi mafundi wenye kazi Mtumba, chukueni wawili watatu likizo ya Desemba. Leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ni yenu na saini ni yenu. Wao wamenye waya, wavute bomba, waulize. Wangu atarudi, ila nimemwambia aje na viatu vya maana. Ndala saitini sitaki kuziona.