Kumbukumbu ya mradi: katriji, priampu na hesabu ya pikofaradi

Katriji (kichwa chenye sindano kinachosoma santuri) iliyofungwa kwenye mashine yangu ya santuri kwa sasa ni Audio-Technica AT-VM95E, ya aina ya sumaku inayosogea. Inatoa milivolti 4, na priampu niliyojiundia, yaani kikuza cha awali kabla ya amplifaya, inakuza kwa desibeli 40, yaani mara 100, kwa hiyo amplifaya inapata kama milivolti 400. Nguvu inatosha. Mzigo nao, yaani ukinzani ambao katriji inaukuta mlangoni mwa priampu, ni kiloomu 47, kama mtengenezaji anavyotaka. Ila nikiweka santuri, kila "s" ya mwimbaji inachoma masikio, na matoazi yamekosa mng'ao wa juu kabisa.

Watu husema badilisha sindano. Mimi naona ni kutupa pesa kabla ya kupima kapasitansi, yaani uwezo wa nyaya na kapasita kushika chaji. Katriji hii inataka pikofaradi 100 hadi 200, na hesabu hiyo inajumlisha nyaya za ndani ya mkono, kebo ya nje na kapasita ya mlangoni mwa priampu. Wengi huisoma hiyo ya mwisho peke yake.

Nimeing'oa katriji kwanza, maana koili iliyo ndani yake ikiwa imeunganishwa kipimo hakisomi sawasawa, tena mkondo wa multimita haufai kupitishwa humo. Nyaya na kebo: 150. Kapasita ya priampu: 220. Jumla 370!

Koili ina milihenri 550. Ukiikutanisha na pikofaradi 370, mwitiko, yaani masafa ambapo viwili hivyo huvuma pamoja, unaangukia karibu na kilohezi 11: chini yake kidogo sauti inainuka, juu yake inaporomoka. Ndiyo hizo "s" kali na matoazi butu, vyote kwa mpigo.

Marekebisho yenyewe ni kazi ndogo. Nimenyonya lehemu kwenye miguu ya kapasita mbili, moja kila chaneli, nikaweka za 47 za filamu, miguu nikiikata mifupi isije ikadaka mvumo wa umeme. Jumla sasa 197, na mwitiko umepanda hadi kilohezi 15 hivi. Upande wa kushoto niliumaliza kwanza nikasikiliza hivyo hivyo, santuri ya mono, nikihamisha balansi huku na huku. Tofauti haihitaji sikio la fundi. Kulia kulikuwa bado kunafoka, kushoto mwimbaji ametulia na matoazi yanamalizia mlio wake. Baada ya hapo nikamaliza na kulia.

Kinachofuata ni katriji nyingine, Denon DL-103, ya koili inayosogea. Hiyo inatoa milivolti 0.3 tu, na kwa desibeli 40 nitabaki na 30, zimezama kwenye mchakacho. Nafikiria transfoma ya 1:10, ya kuinua volti mara kumi. Itaipa priampu milivolti 3, na zile kiloomu 47 katriji itaziona kama omu 470, kwa kuwa mzigo hugawanywa kwa mraba wa uwiano. Koili ya katriji ni omu 40, na mzigo unaizidi zaidi ya mara kumi, kwa hiyo nafasi ipo. Kikwazo ni pa kuiweka transfoma: karibu na mota itavuma, na kisanduku changu kimeshajaa.