Tumbo la perege ndilo lililonifundisha chambo

Nilipohamia Ifakara kufundisha, kitu cha kwanza nilichonunua baada ya kitanda na jiko la mkaa kilikuwa nailoni ya kuvulia. Nimekulia Tanga. Kuvua kwa mshipi nilifundishwa na baba mdogo nikiwa darasa la nne, tukivua changu na tasi, na niliamini kabisa kwamba aliyeizoea bahari hawezi kushindwa na mto. Nikaenda Mto Kilombero na zana zilezile za pwani: nailoni nene, ndoano kubwa, chubwi zito (risasi ya kuzamishia chambo) lililofungwa moja kwa moja kwenye mshipi, na dagaa wakavu kwa chambo.

Kwa miezi 4 nilikuwa naamka kila Jumamosi saa 11 alfajiri, napanda bodaboda hadi mtoni, na saa 5 narudi na kambare mmoja mdogo au sina kitu. Nilibadilisha chambo kila wiki. Dagaa, nyama, mkate, mahindi ya kuchemsha. Kila niliyemuuliza alinitajia chambo chake na kuapa kwamba hicho ndicho chenyewe.

Aliyenifungua macho wala si mvuvi. Ni mama mmoja muuza samaki sokoni, ambaye nilizoea kununua kwake perege nikitoka mtoni. Siku moja nimemwamkia, ameitikia marahaba, akaniuliza: "Mwalimu, kila Jumamosi nakuona na mwanzi wako, kisha unakuja kununua kwangu. Huko mtoni unawapa nini hao samaki?"

"Dagaa, mama."

Hakusema kitu. Alimchukua perege aliyekuwa anamparua magamba, akampasua tumbo, akautoa utumbo na kuutandaza juu ya ubao. Sikuwahi kuuangalia vizuri utumbo wa perege. Ni mwembamba kama uzi wa kufumia na mrefu kupita kiasi, umejikunja mizunguko kwa mizunguko, na ukiunyoosha unampita samaki mwenyewe mara nyingi. Akaubonyeza kwa kidole gumba, ukatoka uji wa kijani uliochanganyika na tope laini. Hamkuwa na mfupa wala mguu wa mdudu. Kisha akampasua kambare. Tumbo lake ni mfuko mfupi, mnene, na ndani yake mlikuwa na mguu wa chura, mabawa ya panzi, punje chache za mpunga zilizovimba na nusu ya samaki mdogo ambaye hata magamba yalikuwa hayajayeyuka.

"Huyu anakula majani na tope," akasema. "Huyu anakula chochote. Sasa wewe unawapa wote dagaa."

Tangu siku hiyo nilimwomba niwe napita anapoandaa samaki, na nikaanza kuandika kwenye daftari: tarehe, samaki, kilichomo tumboni. Kama kuna ushauri mmoja ambao ningempa mtu yeyote anayeanza kuvua kwa ndoano kwenye mto asioujua, ni huo. Usianze kwa kuuliza wavuvi wanatumia chambo gani. Nenda sokoni, omba kutazama matumbo.

Perege nilianza naye kwa ugali. Si ugali wa kula. Huo ukiingia majini unamomonyoka kabla samaki hajaukaribia. Nasonga mgumu, kisha ungali wa moto nakanda ndani yake unga wa ngano kidogo mpaka uvutike kama ulimi wa kiatu. Kipande ninachoweka kwenye ndoano hakizidi punje ya hindi. Hapo ndipo nilipokosea miezi yote ile: perege ana mdomo mdogo na hamezi kwa pupa, anadonoa. Ukimwekea donge kubwa atalila pembeni mpaka liishe, wewe umekaa unasubiri mvuto ambao hautakuja. Mnyoo pia anamkubali, ila umkate kipande cha urefu wa kiungo kimoja cha kidole na umvike ndoano yote, usiache mkia unaning'inia wa kunyofolewa.

Minyoo nachimba kwenye migomba, pale maji ya kuogea yanapomwagika. Naiweka kwenye kopo lenye udongo wake wenyewe na majani makavu ya mgomba yaliyoloweshwa, kifuniko kimetobolewa, kopo linakaa kivulini. Ukiisahau kwenye jua kwa saa moja inakufa na kulegea, na mnyoo aliyelegea hashiki kwenye ndoano.

Kwa kambare ni harufu. Anaishi kwenye maji ya tope ambayo macho hayamsaidii sana, anatafuta chakula kwa zile sharubu zake 8. Utumbo wa kuku ulioachwa juani nusu siku ni mzuri sana. Ini la kuku ni zuri zaidi, ila ni laini, linachomoka ukirusha, kwa hiyo nalifunga juu ya ndoano kwa uzi wa kushonea, mizunguko 5 au 6. Mvua za kwanza zinaposhuka na kumbikumbi wanatoka, matumbo ya kambare niliyoyaona sokoni yalijaa kumbikumbi tupu, na wiki hizo sihangaiki na ini. Kuna wanaotumia kipande cha sabuni ya mche, hasa watu wa Kanda ya Ziwa, nayo inafanya kazi kwa sababu ina mafuta na samaki wadogo hawaimalizi. Mimi sipendi kumlisha sabuni samaki nitakayemla, basi nimeiacha.

Ifakara ni nchi ya mpunga, na hiyo ni bahati kubwa kwa mvuvi. Mashine za kukoboa zina pumba za kutosha. Nilikuwa namwaga pumba kavu mtoni nikidhani naita samaki, kumbe nawaita waende mbali: pumba zinaelea, mkondo unazichukua, na samaki wanazifuata huko ziendako. Siku hizi nazikanda na udongo wa mfinyanzi wa palepale ukingoni, nafinyanga madonge ya ukubwa wa chungwa dogo, nakandamiza hasa. Donge linazama hadi chini, kisha linafumuka taratibu. Natupa matatu au manne, juu kidogo ya mahali nitakapotega ili mkondo uyalete kwangu, halafu nakaa robo saa bila kutia ndoano majini. Hiyo robo saa ni ngumu kuivumilia, lakini inalipa.

Sasa zana. Hapa nina mengi ya kusema, kwa sababu hata baada ya kupata chambo sahihi niliendelea kukosa samaki kwa wiki kadhaa.

Ndoano kwanza. Dukani namba zinachanganya. Kwa kawaida namba ikipanda ndoano inapungua, lakini namba 10 ya aina moja si lazima ilingane na namba 10 ya aina nyingine. Nimeacha kutegemea namba. Kwa perege nachagua ndoano ambayo upana wake, toka mti (sehemu iliyonyooka) hadi ncha, hauzidi ukucha wa kidole changu cha mwisho. Kwa kambare, ukucha wa kidole gumba. Na kila ndoano naipima ukali hata kama ni mpya: naiburuza ncha taratibu juu ya ukucha. Ikiteleza ni butu. Ikikwama na kuacha mkwaruzo mweupe, iko tayari. Msasa mdogo niliokata kipande cha vidole viwili unakaa mfukoni siku zote.

Chubwi ndilo lililonigharimu zaidi. Baharini tulilifunga likakaa mahali pamoja, na samaki wa miamba anagonga kwa nguvu, hajali. Kambare wa mtoni anachukua chambo polepole, anaondoka nacho. Akihisi uzito unamvuta anatema. Nilikuwa naona ncha ya mwanzi inatikisika mara moja, kisha kimya, na nikivuta nakuta ini limetafunwa pembeni tu. Dawa yake ni chubwi lenye tundu katikati, linaloteleza kwenye nailoni. Napitisha nailoni kwenye tundu, chini yake naweka ushanga mmoja wa kawaida wa kike, chini ya ushanga nafunga kitanzi kidogo kinachozuia chubwi lisishuke hadi kwenye ndoano. Kwenye kitanzi hicho naunga nailoni nyembamba kuliko ile kubwa, urefu wa shibiri moja na nusu, na mwishoni ndoano. Samaki akibeba chambo, nailoni inapita ndani ya chubwi na chubwi linabaki chini palepale. Hahisi kitu. Jumamosi ya kwanza niliyofunga hivyo nilitoa kambare 3 kabla ya saa 3 asubuhi.

Ile nailoni nyembamba ya mwisho ina kazi ya pili. Ndoano ikinasa kwenye mizizi, na Kilombero haina uhaba wa mizizi, ukivuta inakatika yenyewe na unabaki na chubwi na mshipi wako wote. Risasi zikiniishia natumia nati ya gereji, napitisha uzi kwenye tundu lake na kuining'iniza pembeni kwa kitanzi kilegevu kinachoweza kuteleza.

Fundo la ndoano lisipuuzwe. Nilishampoteza kambare ambaye nilikwisha kumwona kichwa, kipana kama sahani, kwa sababu ya fundo nililolikaza likiwa kavu. Nailoni ikisuguana kavu inapata joto na kudhoofika palepale. Pitisha ncha ya nailoni kwenye tundu la ndoano, izungushe mara 5 kwenye mshipi, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu na ndoano, lowesha kwa mate, ndipo ukaze taratibu. Kisha vuta kwa mkono kwa nguvu kabla ya kutupa. Kama litaachia, bora liachie mkononi mwako.

Kwa perege sitegi chini, natumia boya. Ndala kuukuu ndiyo boya zuri kuliko yale ya dukani. Nakata kwa wembe kipande cha ukubwa wa kokwa ya embe bolibo iliyogawanywa mara tatu, natoboa katikati kwa spoku iliyopashwa moto, napitisha nailoni na kuikaza kwa kijiti cha kiberiti. Kisha naongeza vipande vidogo vya risasi mpaka boya lizame, libaki juu kiasi cha nusu kidole tu. Boya likielea lote, perege akivuta anakutana na ukinzani na anaacha. Kina napima kwa kuning'iniza nati kwenye ndoano yenyewe: boya likizama, kina cha maji kimezidi nailoni, likilala, nailoni imezidi kina. Natega chambo inchi moja au mbili juu ya tope.

Mwanzi wangu una urefu wa mita 4 hivi, uliokaushwa kivulini. Nailoni usiifunge kwenye ncha peke yake. Ipitishe mwilini mwa mwanzi hadi shinani na uifunge huko pia, maana ncha ikivunjika samaki bado yuko mkononi.

Mamba wapo. Nilikaa hatua 5 nyuma ya ukingo tangu siku ya kwanza na sijawahi kuvunja hilo, siparui samaki majini, na saa 11 jioni niko njiani kurudi ingawa najua kambare anaanza kula vizuri giza likiingia. Miguu pia siitii majini kwenye madimbwi yaliyotulia, kwa ajili ya kichocho. Na kambare na ngogogo wana miiba migumu kwenye mapezi ya kifuani. Mkamate nyuma ya kichwa, vidole chini ya miiba. Kabla ya yote hayo pitia ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulizie kibali na taratibu za eneo lako.

Masika, bonde likifurika, samaki wanasambaa mashambani na mbugani na mtoni unaweza kukaa siku nzima bure. Mimi huanza kwa bidii maji yanapopungua, kuanzia Juni, samaki wanaporudi mtoni kupitia vijito. Mdomo wa kijito kinachomwaga maji mtoni, pale maji ya tope yanapokutana na maji meupe zaidi, ndipo ninapokaa.

Anayenisumbua hadi leo ni kitoga. Nimepata wawili tu, wote kwa bahati, kwenye ndoano ya kambare. Juzi yule mama aliniwekea kitoga mmoja bila kumpasua, akanisubiri. Tumboni mlikuwa na samaki wadogo 4, wazima, wamepangika kichwa chini mkia juu, wala hakuna utumbo wa kuku, panzi au punje ya mpunga. Jumamosi hii natega kwa furu mdogo mzima, ndoano imepita mgongoni nyuma ya pezi, mahali mkondo unapokatika nyuma ya gogo.