Kanyagio Ambalo Okestra Haina

Ninapopanga muziki wa piano kwa ajili ya okestra, hapa Nairobi ambako kwanza ni lazima ujue ni wapiga ala gani watakaopatikana, mimi huanza na kanyagio la kulia. Mpiga piano akilikanyaga, noti alizokwisha kuzipiga huendelea kulia na kuchanganyika. Okestra haina kifaa cha namna hiyo, hivyo mwangwi huo sharti uandikwe: selo zichukue noti zinazopanda na kushuka za mkono wa kushoto, huku horni mbili na klarineti zikishikilia kwa upole noti ndefu za mpatano huohuo, yaani noti zinazolia kwa pamoja. Kunakili kila kilichofanywa na vidole ni uvivu, na matokeo yake husikika makavu.

Kisha kuna rangi, yaani sauti ya pekee ya kila ala. Mtunzi Mrusi Mussorgsky alitunga “Picha za Maonyesho” kwa piano mwaka 1874. Mtunzi Mfaransa Ravel alipoipangia okestra mwaka 1922, alimpa mpiga tarumbeta mmoja wimbo wa ufunguzi, akaujibu kwa kundi la ala za shaba, na katika sehemu iitwayo “Ngome ya Kale” akaingiza saksafoni, chaguo ambalo mimi nisingethubutu. Filimbi katika noti zake za chini nayo huhitaji nafasi, kwani fidla huifunika upesi.