Roketi za chupa, na ile ya Ngomeni

Leo hatukufungua kitabu kabisa. Watoto wa gredi ya sita walikuja na chupa tupu za soda, mi nikaleta vizibo, pampu ya baiskeli na ile sindano ya kujazia mpira upepo, tukatoka uwanjani.

Kwanza nikawauliza, roketi inasukuma nini ndo ipae? Karibu wote wakasema ardhi. Haya, na ikishafika kule juu kusiko na ardhi wala hewa, inasukuma nini? Kimyaaa. Tukapuliza baluni, tukaibandika kwa selotepu kwenye mrija uliopitishwa kwenye uzi, ilivyoachiwa ikakimbia mpaka mwisho. Hewa yatoka nyuma, baluni yaenda mbele. Newton aliichapisha kanuni hiyo 1687, ila wanangu waliisema kabla sijamtaja.

Kwenye chupa ndo kukawa na kelele. Unatia maji, unaziba kwa kizibo, unageuza chupa juu chini, halafu unapiga hewa kwa pampu kupitia ile sindano mpaka kizibo kifyatuke. Kundi moja halikutia maji, chupa ikaruka kidogo tu. Wengine wakajaza karibu mpaka shingoni, ikapanda kizito ikaanguka hapo hapo. Waliotia kama theluthi, yao ikapita paa la darasa! Wakaanza kubishana kwa nini, na msichana mmoja ambaye kwa kawaida haongei kabisa akasema maji ndo mazito lakini hewa ndo inayoyasukuma, sasa ukijaza maji hewa itakaa wapi? Wallahi nilifurahi, maana hilo hakulisoma popote, kaliona kwa macho yake.

Halafu nikawaambia habari ya Ngomeni, hapo hapo kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini, ikabeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutazama mionzi ya eksirei kutoka angani. Walichagua kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, dunia inapozunguka kuelekea mashariki inaipa roketi kasi ya bure, na mbele ni bahari tupu. Wengi hawakuwa wamewahi kusikia na inaniuma, mtoto wa Kilifi kudhani roketi ni mambo ya Florida tu.

Jumatatu tunaweka mapezi ya kadibodi, na kila kundi litaandika limetia maji kiasi gani.